Kundi la Oktoba

Mimba yangu ya kwanza naikumbuka kwa benchi. Lilikuwa refu, la mbao, limeegemezwa ukuta wa kliniki, nalo lilikuwa linang'aa kwa jinsi wajawazito walivyolisugua miaka na miaka. Ukifika saa kumi na mbili alfajiri unakaa mwisho kabisa. Wa mbele akiitwa ndani, wote mnasogea nafasi moja. Unasogea, unasogea, jua linapanda, njaa inauma, mkojo unabana lakini unaogopa kwenda chooni usije ukapoteza nafasi. Saa saba mchana unaingia. Ndani humalizi dakika tano. "Panda kitandani. Mtoto anacheza? Haya, shuka. Dawa zako hizi. Tarehe ya kurudi nimeandika." Unatoka na kadi imejaa namba. Namba ni zako, lakini hujui hata moja inasema nini.

Mwaka huo ulikuwa 2014. Siwasemi vibaya wauguzi wale. Walikuwa wawili, na sisi siku nyingine tulifika sitini. Nilihudhuria mara nne kama ilivyotakiwa wakati ule, sikukosa hata mara moja. Nilijifungua mtoto wa kike, akalia vizuri, kisha damu ikakataa kusimama. Nakumbuka baridi, ndani ya chumba ambamo wenzangu wote walikuwa wanajipepea. Kaka yangu alitoa damu usiku ule, nami nikaongezewa chupa mbili. Asubuhi nikasikia mtu akisema karibu na kitanda changu, "Huyu alikuja na damu kidogo tangu mwanzo." Sikuuliza maana yake. Nilishukuru Mungu kwa kuwa hai, kadi nikaitia sandukuni, ikakaa humo miaka saba.

Naishi mkoa wa Geita, katika mji mdogo uliokua kwa sababu ya dhahabu. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu karibu na soko. Mume wangu anafanya kazi kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mimba ya pili niliipata 2021, na hofu ilinishika tangu mwezi wa kwanza. Hudhurio la kwanza nilienda na mume wangu kama wanavyotaka. Tukapimwa VVU na kaswende wote wawili, mimi nikapimwa mkojo na wingi wa damu, nikapewa chandarua chenye dawa. Tulipokuwa tunaaga, mkunga akaniuliza kama ningependa kuingia kwenye kundi. Mtakuwa kumi na wawili, akasema, wote mnatarajia kujifungua mwezi wa kumi. Mtakuja siku moja, saa moja, mtapimwa na kuzungumza pamoja.

Moyoni nilikataa. Mambo ya mimba kwetu hayasemwi mbele za watu. Wengine hawataki hata ijulikane mpaka tumbo lenyewe lijiseme, kwa kuogopa macho na midomo ya watu. Lakini mkunga aliongeza neno moja: "Tunaanza saa tatu kamili, saa tano mko nyumbani." Nikaliwaza lile benchi. Nikakubali.

Siku ya kwanza tulikuta viti vya plastiki vimepangwa duara kwenye banda la nje, lile linalotumika kwa chanjo. Meza haikuwepo. Mkunga, ambaye wote tulimwita Sista, alikaa kwenye kiti kama vyetu, na kwa muda mrefu tulikuwa kimya tukingoja aanze kutufundisha. Hakuanza. Alituuliza tunataka sheria gani katika kundi letu. Mmoja akasema simu zizimwe. Mwingine akasema asichekwe mtu. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na mimba ya sita, akasema kwa sauti ndogo, "Ya humu yabaki humu." Hiyo ndiyo iliyoshika kuliko zote. Kwa hiyo hapa sitaji jina la mtu, na haya nitakayoyasema juu ya wenzangu nimewauliza kwanza, mmoja mmoja, wakaniruhusu.

Yule mama wa mimba ya sita tulimwita Mayu, kwa Kisukuma mama. Mdogo kuliko wote alikuwa binti wa miaka 19, amemaliza kidato cha nne, mwanaume aliyempa mimba amehama machimbo bila kuaga. Siku ya kwanza ya kliniki alikuwa amerudishwa nyumbani akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kwa sababu hakuja na mwenza. Alituhadithia hilo wiki nyingi baadaye, huku anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Nadhani kama mtu anataka kujua kwa nini mabinti wanachelewa kuanza kliniki, aanzie hapo kwenye barua.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kujipima presha. Kulikuwa na mashine moja ya betri, yenye mkanda wa kufunga mkononi. Sista alionyesha mara moja: kaa, egemea, miguu chini usikunje nne, pumzika dakika tano, usiongee wakati inapima. Kisha tukapimana wawili wawili, na kila mtu akaandika namba zake kwenye kadi yake kwa mkono wake. "Ya juu ikifika 140," alisema, "au ya chini ikifika 90, mwenye namba hiyo haondoki hapa kabla hajaniona." Alitufanya turudie mpaka tukacheka. Kwenye mimba ya kwanza nilipimwa presha mara nne na sikuwahi kuambiwa ni ngapi.

Mayu hakusoma shule. Alipangwa na yule binti, na siku ile binti ndiye aliyemwandikia. Mkutano uliofuata Mayu alikuja na kipande cha daftari la mjukuu wake, amejaza 1, 2, 3 hadi 9, nyingine zimelala, nyingine zimegeuka. Kufika mkutano wa nne aliandika mwenyewe. Polepole, ulimi nje, lakini aliandika.

Mazungumzo yenyewe hayakuwa mahubiri. Sista alileta jambo moja, akaliweka katikati, akangoja. Siku ya damu alileta glasi tatu za juisi ya rosela: moja nzito nyekundu, moja ya kawaida, moja aliyoichanganya na maji mpaka ikawa kama maji yaliyooshea kitambaa. Akasema kipimo cha wingi wa damu kinachotakiwa kwa mjamzito ni 11 au zaidi. Chini ya hapo ni upungufu, na ikishuka chini ya 7 ni hatari kubwa, kwa sababu mwanamke asiye na akiba hata akipoteza damu kidogo wakati wa kujifungua anaweza kwenda nayo. Nilikuwa naitazama ile glasi ya tatu. Sikusema kitu.

Usiku nilifungua sanduku. Kadi ya 2014 ilikuwa imekuwa ya njano kwenye mikunjo. Niliitafuta ile sehemu ya wingi wa damu kwa tochi ya simu. Hudhurio la kwanza: 8.4. Hudhurio la tatu: 7.9. Imeandikwa vizuri, kwa wino wa bluu, na kila mkono ulioishika kadi ile ungeweza kuisoma, isipokuwa mimi niliyeibeba.

Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mkutano uliofuata nikaenda nayo, nikawaonyesha wenzangu. Ikazunguka duara zima mkono kwa mkono. Hakuna aliyesema "pole" haraka haraka. Mmoja alirudia namba, "saba nukta tisa," kana kwamba anaipima uzito. Kisha Sista akaniuliza, "Wakati ule ulikuwa unakula nini?" Nami nikasema kitu ambacho sikuwahi kumwambia muuguzi yeyote: nilikuwa nakula udongo. Vile vipande vya pemba vinavyouzwa sokoni kwa mafungu. Nilikuwa nakula asubuhi, mchana, usiku kitandani, na vidonge vya kuongeza damu nilikuwa navitupa kwa sababu vilinitia kichefuchefu na choo kikawa cheusi, nikadhani vinaniua.

Kulikuwa na kimya kidogo. Halafu binti akafungua mkoba wake na kutoa pande la udongo lililofungwa kwenye karatasi. Akaliweka chini katikati ya duara. Mwingine akatoa lake. Tulihesabu saba kati ya kumi na wawili. Kliniki nzima ilikuwa imekaa inaambiwa "msile udongo," nasi tumejibu "ndiyo Sista" na mapande yako mkobani.

Hapo ndipo kundi lilipoanza kweli kwa maoni yangu. Sista alieleza kwa nini udongo unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini na unavyoweza kuleta minyoo, lakini aliyetufundisha namna ya kuacha alikuwa Mayu. Alisema hamu humjia akisikia harufu ya mvua, na yeye huweka limau au kipande cha muhogo mbichi uliokauka mfukoni, hamu ikija anatafuna hicho. Alisema vidonge vya damu yeye humeza usiku baada ya kula, akilala kichefuchefu kinampitia usingizini. Na chai asinywe navyo, Sista akadakia, kwa sababu chai inalizuia chuma. Hapo nusu yetu tukaguna: tulikuwa tunavimeza asubuhi kwa chai. Dagaa wa ziwa, matembele, maharage, machungwa yakiwa msimu. Hakuna kilichotajwa ambacho hakiuzwi sokoni kwetu. Damu yangu mwezi wa tano ilikuwa 9.6. Mwezi wa tisa ilikuwa 11.2. Niliiandika mwenyewe.

Sista alituambia kwamba mtindo huu haukuanzia kwetu. Mkunga mmoja wa Marekani, Sharon Schindler Rising, aliuanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Connecticut: wajawazito wa umri mmoja wa mimba wanakutana kwa kundi, wanajipima, wanazungumza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kuongeza mahudhurio kutoka manne hadi manane, kliniki za makundi nazo zilitajwa humo. Nilipokuja kusoma Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2022, niliona wanawake 65 katika kila 100 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, kutoka 51 katika utafiti wa 2015-16. Ni habari njema na ninaifurahia. Ila mimi wa 2014 nilihudhuria mara nne. Kwenye hesabu kama hiyo ningekaa upande wa waliofanikiwa, na 7.9 yangu mkononi.

Sasa niseme la zebaki, maana hili bado linanikosesha usingizi.

Siku ile mada ilikuwa usafi wa jikoni. Mwenzetu mmoja akasema, kama mtu anayesema kitu cha kawaida, kwamba kikaango chake kina harufu ya chuma tangu mume wake achomee dhahabu. Sista, ambaye si mwenyeji, kwao Kilimanjaro, akauliza, "Kuchomea vipi?" Sisi tukashangaa kwamba hajui. Tukamweleza, kila mmoja anaongeza: mchanga uliosagwa karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, unapitishwa mwaloni, pale pa kuoshea dhahabu, unachanganywa na zebaki, zebaki inaishika dhahabu, unakamua kwenye kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha. Donge unaliweka motoni. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Wengi wanafanya nyumbani kwa kuogopa wezi. Jikoni, kwenye jiko la mkaa, mke akiwa pembeni anapika na mtoto mgongoni.

Mimi ndiye niliyekuwa nawakatia vitambaa vya kukamulia. Mabaki ya cherehani. Nilikuwa nawauzia shilingi mia mia.

Sista alinyamaza, akawa anatutazama mmoja baada ya mwingine kama anatuhesabu upya. Akasema mvuke ule hauonekani na hauna harufu, ukivutwa unaingia kwenye damu ya mama na kumfikia mtoto, na kinachoumia zaidi ni ubongo unaojengwa. Akauliza ni wangapi wamewahi kukaa karibu na moto wa dhahabu tangu washike mimba. Mikono tisa. Kadi yangu ina mahali pa kuandika umri, urefu, mimba zilizoharibika, dawa za malaria. Haina mahali pa zebaki. Ningekaa kwenye benchi miaka kumi, nisingeulizwa, na nisingejua kwamba ni jambo la kusema. Siku ile mfundishaji alikuwa amefundishwa, naye hakuona aibu kulisema hilo kwa sauti.

Alituomba tuwaite waume mkutano uliofuata. Walikuja wanane, wakakaa karibu na mlango. Mume wangu alikuwa ameniuliza mara mbili kama huko tunafundishana kuwasema. Sista hakuwalaumu. Aliwaomba wamweleze namna wanavyochoma, na wanaume wakipewa nafasi ya kueleza kazi yao wanaeleza. Walipomaliza ndipo akawaambia mvuke ule unaenda wapi. Mume wangu na wenzake wawili walihamishia moto nyuma ya uzio, mbali na jiko, na vikaango vya kuchomea vikatengwa visirudi ndani. Sisemi tatizo limekwisha. Zebaki iko mwaloni kila siku, na wao wenyewe bado wanaivuta. Vitambaa niliacha kukata.

Kuna watu wanaoniuliza kama si aibu kupimwa kwa kundi. Hapana, hatukuvuliwa nguo mbele ya wenzetu. Kona ya banda ilifungwa pazia la kitenge, nyuma yake kitanda. Wakati sisi tunaongea, mmoja mmoja aliitwa huko: Sista anapima kimo cha tumbo kwa futi kamba, anashika mlalo wa mtoto, anasikiliza mapigo, na hapo una dakika zako za kusema lile usilotaka kulisema kwenye duara. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria, vile vitatu vinavyomezwa kwa pamoja, navyo vilitolewa nyuma ya pazia. Mwanzoni nilidhani ni usumbufu. Kwa nini tusimeze wote hapa hapa, maji yapo? Nilimuuliza Sista faraghani. Akaniambia, "Si kila mama anameza dawa zilezile." Baadaye nilielewa. Mwanamke anayeishi na VVU na anayetumia Septrini, dawa ya kumkinga na maambukizi mengine, hapewi SP. Kama tungemeza kwenye duara, yule asiyemeza angejulikana siku hiyohiyo, na kundi lingekuwa limemfanyia ubaya mkubwa kuliko benchi lolote. Kila mmoja wetu aliingia nyuma ya pazia na kikombe cha maji, akatoka anafuta midomo. Nani alimeza nini, sikujua. Mpaka leo sijui. Mtu yeyote atakayeanzisha kundi la wajawazito namwomba aanze na pazia kabla hajatafuta viti.

Yapo yaliyotushinda. Siku ya mnada wanne hawakuja, maana siku ya mnada ndiyo siku ya kuuza, na tukachelewa kumwomba Sista abadilishe tarehe. Mmoja wetu alikuwa na maneno mengi, na wakati mwingine wanyamavu walirudi nyumbani na maswali yao. Mwenzetu mwingine aliacha baada ya mikutano miwili. Mama mkwe wake alisema mimba haitangazwi. Sikumshinikiza. Na mwaka uliofuata Sista alihamishwa kituo, viti vikarudi ukumbini. Nasikia sasa wamejaribu tena.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa tulikaa kama kawaida, Mayu na binti wao kwa wao na mashine. Binti alikuwa amekuja na miwani ya jua, anasema kichwa kinamgonga tangu juzi na mwanga unamuumiza, bila shaka ni joto. Vidole vyake vilikuwa vimejaa, pete ya bati haivuki. Mashine ikalia. Mayu akaitazama, akatazama tena, akamvuta Sista gauni. Hakusema namba. Alisema, "Hii si ndiyo ile yako?" Ilikuwa 156 kwa 104.

Binti alipumzishwa, akarudiwa, ikawa ileile. Mkojo ukaonyesha protini. Sista alitueleza kwa maneno machache kwamba ni dalili za kifafa cha mimba na anampa sindano ya kwanza kisha anampeleka hospitali. Nyumbani kwetu kifafa cha mimba wengi hukiita degedege, hukipeleka kwa mganga, na mganga humaliza siku ambazo mwanamke huyo hana. Tulikuwa na kisanduku cha kuchangishana, elfu mbili kila mkutano kwa mwenye uwezo, tulichokianzisha siku ya mpango wa kujifungua. Kilifunguliwa pale pale. Mimi nikaenda naye kwenye gari, kwa kuwa nilikuwa na chanjo ya hofu. Nilishawahi kulala wodi ile. Njiani alinishika mkono na kuuliza kama atakufa. Nikamwambia namba imeonekana mapema. Ndilo neno nililokuwa nalo. Mtoto alizaliwa siku ya tatu, kilo 2.1, wakamfunga kifuani kwa mama yake kwa njia ya kangaruu, na wote wawili wazima.

Wiki mbili baadaye Mayu alikosa mkutano. Kesho yake tukasikia.

Mtoto alikuwa ameacha kucheza usiku. Mayu alijua dalili hiyo, tulikuwa tumeirudia wote kwa vidole, na alitoka nyumbani usiku uleule. Alifika. Mapigo hayakuwepo. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu waliosema ningelitoa kwenye simulizi, eti linaharibu sifa ya kundi: alijua, aliwahi, na mtoto alifariki. Kujua hakumlindi kila mtu.

Kwetu mtoto aliyezaliwa mfu huzikwa kimya, na wanawake wachache, hakuna turubai, hakuna matanga. Mama anaambiwa Mungu atampa mwingine, anarudi shambani. Sista alimpigia simu kumuuliza kama tunaweza kwenda, sisi wenye matumbo, au kutuona kutamuumiza. Akajibu twende. Tulikwenda kumi, wengine wanatembea kwa shida. Hatukuimba wala hatukuhubiri. Binti, aliyekuwa ametoka hospitali siku ile ile, alikuja na mtoto wake amefungwa kifuani, akasimama nje kwenye mwembe hataki kuingia. Mayu akamwona dirishani. Akatoka yeye mwenyewe, akamshika mkono, akamwingiza, akamkalisha mkekani karibu naye. Alituambia jina alilokuwa amemwandalia yule mtoto. Hakuwa amelitaja kwa mtu mwingine. Tulilirudia mara moja, wote, kisha tukakaa.

Mimi nilijifungua tarehe 17 Oktoba, mtoto wa kiume. Damu ilitoka kiasi chake, ikasimama. Niliangalia dari na dari ilikaa mahali pake.

Mwisho wa Novemba kundi lilikutana mara ya mwisho, kina mama na watoto wao, kwa ajili ya uchunguzi baada ya kujifungua. Banda lilikuwa la kelele: vilio, maziwa, kanga zimetandikwa kila mahali. Tulikuwa tumeshaanza Mayu alipoingia. Alikuwa amevaa gauni la kutokea na hana mzigo mgongoni. Sauti zote zilinyamaza. Sista akainuka, akaanza kusema kwamba angeweza kumwona peke yake siku nyingine kama angependa.

"Na mimi ni wa Oktoba," Mayu akasema.

Tukasogea, kiti kikaingia kati yangu na binti. Mashine ilipofika kwake hakuitaka tumsaidie. Aliweka miguu chini, akafunga mkanda, akangoja dakika zake tano bila kuongea, ingawa mtoto wangu alikuwa ameshika kidole chake. Kisha akatoa kadi kwenye mfuko wa plastiki, akaomba kalamu, akaandika: 118, mstari, 76.